Kila Mkwaruzo Uwe na Sababu

Arusha,
12 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Picha za boksi la gari la rimoti ulilofungua nimezitazama pamoja na bibi yako. Yeye anasubiri kuona hilo gari likipanda ngazi za kibarazani kwake. Sote huku hatujambo, na kazi gereji inaendelea vizuri. Nimefurahi kwamba umechagua kuunganisha gari lako mwenyewe, kuanzia skrubu ya kwanza, badala ya kununua lililokwisha kukamilika. Anayeunganisha kwa mkono wake ndiye anayejua kila kitu kimekazwa wapi na kwa nini.

Umeniuliza ununue nini ili pikapu yako ya rimoti ifanane na Land Cruiser ya kweli, ukaniorodheshea taa za juu ya kabini, keria, winchi, jeki ndefu, stika na madebe ya mafuta. Nakujibu bila kuzunguka: usinunue hata kimoja kwa sasa. Nimeona magari mengi ya kipimo cha 1:10 yaliyojazwa vitu hivyo vyote, na ukiyatazama kwa mbali kidogo tu unajua ni vichezeo. Yamekosa maisha. Gari la kweli hufanya kazi fulani, kwenye njia fulani, mikononi mwa mtu mwenye tabia zake, na kazi hiyo ndiyo inayolichora. Mimi nimekaa na bodi za magari haya tangu ujana wangu, nikinyoosha mabati na kupaka rangi, na nakuhakikishia kwamba hakuna mkwaruzo usio na mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, amua gari lako ni la nani na linabeba nini. Kwa kuwa umenunua bodi ya Land Cruiser 79, mimi ningelifanya la kubeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu. Njia ile unaijua, tulipita wote tulipokwenda Ziwa Eyasi. Ukishaamua hivyo, nusu ya maswali yako yanajijibu yenyewe. Gari la vitunguu halina winchi. Lina kamba ya katani, koleo, gurudumu la akiba, dumu la maji la njano na turubai lililokunjwa. Taa nane za juu ya kabini zingekuwa za nini?

Mchezo huu una mizizi mirefu, na ni vizuri uijue. Mwaka 1981 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa pikapu ya Toyota Hilux ya kipimo cha 1:10 yenye chasisi ya ngazi, springi za mabapa, na giaboksi ya gia 3 zilizobadilishwa kwa rimoti. Mwaka 1985 ikaifuatisha na Bruiser. Waliobuni magari yale walianza na kilichofichika chini ya bodi, ndiyo maana wapenzi wake wanayatunza hadi leo. Siku hizi chasisi ni nyingi. Kuna TRX-4 ya Traxxas, iliyotoka mwaka 2017, ambayo unaweza kufunga difu zake za mbele na za nyuma kwa rimoti. Kuna Trail Finder 2 ya RC4WD, iliyorudi kwenye springi za mabapa. Na kuna hiyo SCX10 II ya Axial uliyonayo wewe, chasisi ya kuaminika ambayo vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Sasa chukua rula. Kwenye Land Cruiser 79, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 3,180. Gawa kwa 10, unapata 318. Chasisi yako ina 313, na ile TRX-4 ina 324. Tofauti ya milimita 5 inaonekana ndogo, lakini jicho la mtu aliyezoea magari haya litaona gurudumu la nyuma limesogea mbele ndani ya tao lake. Badilisha ile mikono inayoishika ekseli ya nyuma, weka mirefu kidogo, mpaka gurudumu likae katikati.

Jambo la pili ni matairi, na hapa ndipo magari mengi yanapoharibika sura. Tairi la 7.50R16 la Land Cruiser ya kazi lina kipenyo cha karibu milimita 800. Kwako linapaswa kuwa karibu 80, lakini yaliyokuja kwenye boksi lako yanazidi 100. Rimu nazo ni za inchi 1.9, maana yake ni kama gari kubwa lingevaa rimu ya inchi 19, wakati Land Cruiser ya kazi inavaa 16. Tafuta rimu za inchi 1.55. Zinazofuata kipimo kuliko hizo hazipatikani kwa urahisi, na matairi yake ni madogo na membamba. Kweli, utapoteza kimo, na kuna mawe ambayo wenzako watayapanda wewe ukazunguka. Kubali hilo. Mwenye gari la vitunguu naye huzunguka jiwe.

Ukiwa hapo kwenye rimu, hesabu nati. Land Cruiser 79 ina nati 5 kwa kila gurudumu tangu ilipotoka mwaka 1999, ilhali kuna rimu za kununua zenye 6 kwa sababu zimeiga magari mengine. Kisha simama nyuma ya gari la kweli lenye uso mpana, lile lililotoka kuanzia mwaka 2007, ukachutame. Utaona magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele. Tofauti ya upana ni kama milimita 95 kwa jumla, kwa hiyo kwako inakuwa chini ya milimita 5 kila upande. Unaipata kwa kubadilisha vile vishikio vya rimu vya nyuma, gharama yake ndogo sana. Fundi yeyote wa hapa akiona umelifanya hilo, atakusogelea aulize nani aliyekufundisha.

Baada ya vipimo, fikiria mwendo, kwa sababu gari lako halitakaa kabatini. Huenda umeshaona kwamba kigari kinaweza kupendeza kikiwa kimesimama, halafu kikianza kutembea kinarukaruka na kupoteza heshima yote. Sababu yake iko wazi. Tumepunguza urefu mara 10, lakini uvutano wa dunia hatukuupunguza. Gari kubwa likipita shimo huinuka na kutulia taratibu. Dogo la 1:10 hufanya hivyo kwa kasi ya mara 3 na zaidi, kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni karibu 3.16. Watengenezaji wa filamu waliotumia magari madogo walilijua hili tangu zamani, wakawa wanapiga picha nyingi zaidi kwa sekunde ili zikioneshwa kwa kasi ya kawaida gari lionekane zito. Wewe nawe ukirekodi kwa simu, tumia mwendo wa polepole, utashangaa.

Lakini hata bila simu gari linaweza kutulia. Weka springi laini, kisha jaza shokapu mafuta mazito ya silikoni, ili bodi ikishuka ichelewe kupanda. Weka uzito chini kabisa. Nenda kwa mafundi wa matairi, waombe zile risasi za kubalansia magurudumu, uzibandike ndani ya rimu, nyingi ziwe za mbele kuliko za nyuma. Hapo gari litapanda mteremko bila kuinua pua na kupinduka kinyumenyume. Ukimaliza kuzishika, nawa mikono kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Uzito nao una kipimo chake: ukipunguza urefu, upana na kimo mara 10, uzito unapungua mara 1,000. Gari la tani 2 linakuwa kilo 2. Ukifika kilo 3 kwa vyuma na betri hujakosea, lakini usiongeze juu ya mstari wa madirisha hata gramu moja isiyo ya lazima.

Mota nayo iwe ya kutambaa. Zile za brashi hupimwa kwa idadi ya mizunguko ya waya ndani yake: kadiri mizunguko inavyokuwa mingi, ndivyo inavyokwenda taratibu kwa volti zilezile na kukutii vizuri kwenye mwendo mdogo. Chukua ya 45 au 55. Gari kubwa likipita kwenye mawe kwa kilomita 5 kwa saa, lako kwa kipimo ni sentimita 14 tu kwa sekunde. Jizoeze kulipeleka kwa mwendo huo. Mwenda pole hajikwai, na kwenye mchezo huu mwenda pole ndiye anayetazamwa.

Nije kwenye rangi, kazi ninayoipenda kuliko zote. Bodi yako ni ya plastiki ngumu, kwa hiyo inapakwa kwa nje kama gari la kweli. Zile nyingine nyepesi zinazopenya mwanga hupakwa kwa ndani, na mkwaruzo wa nje hauondoi rangi, hivyo huwezi kuzichakaza kwa njia ninayokueleza. Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, ikauke, ipitishe msasa laini, kisha puliza praima. Gari la vitunguu na liwe jeupe, lakini usitumie nyeupe tupu. Kwenye kitu kidogo nyeupe tupu inang'aa mno. Changanya tone la rangi ya krimu au kijivu.

Sasa sikiliza namna ya kuweka kutu. Sehemu unazotaka zichakae, paka kwanza rangi ya kutu, kahawia yenye chungwa kidogo, isiyo sawa. Ikauke kabisa. Puliza juu yake spreyi ya nywele, ile ya saluni, mara mbili. Ikishakauka, paka ile nyeupe yako, ila lazima iwe rangi ya akriliki ya kuchanganywa na maji. Usiiache ikakaa siku nyingi. Ikikauka tu, lowanisha kidogo kwa brashi yenye maji, kisha sugua taratibu kwa mswaki wa zamani. Maji yanapenya, spreyi inayeyuka, na nyeupe inabanduka vipande vidogo vyenye kingo kali, kutu ikichungulia chini yake, vilevile inavyobanduka kwenye bati. Ukiridhika, funga kwa vanishi isiyong'aa.

Hapo hapo ndipo wengi wanaponogewa na kulitia gari zima kutu mpaka likaonekana limeokotwa baharini. Wewe jiulize kila mara: hapa pamechakazwa na nini? Nitakutajia ninayoyaona kila siku. Kutu ya Land Cruiser hizi hupenda kuanzia kwenye mfereji wa mvua unaozunguka paa, kwenye fremu ya kioo cha mbele, na chini ya milango ambako tope hukaa na kunyonya maji. Boneti na paa hupauka kwa jua kabla ya milango. Ukingo wa juu wa mlango wa dereva huchakaa na kung'aa mahali anapoweka kiwiko, na ni upande wa kulia, kwa hiyo hakikisha usukani wako umehamishiwa kulia pia, maana vifaa vingi vya ndani huja na wa kushoto. Rangi huondoka kuzunguka kitasa, pale kucha zinapogusa. Mdomo wa karai la nyuma hulika kwa kamba, kwenye sehemu zilezile kila siku, karibu na ndoano. Ubao wa nyuma unaofunguliwa hubonyea kwa ndani, kwa sababu magunia hutupwa, hayawekwi. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna vidoa vidogo vingi vya mawe yaliyorushwa, na vinapungua kadiri unavyopanda juu. Weka hivi tu, na weka kila kimoja mahali pake. Kama huwezi kunitajia sababu ya doa, lifute.

Vumbi nalo usilipake rangi, tumia lenyewe. Chukua udongo mwekundu wa Karatu, uukaushe juani na kuuchekecha kwa kitambaa cha soksi ndefu za kike mpaka uwe unga. Chukua na ule uliopauka wa huko chini Eyasi. Usiuchanganye, kwa sababu gari linalopanda kutoka Mang'ola lina vumbi lililopauka lililoshika kwanza kwenye pembe, na jekundu juu yake. Lipulizie gari vanishi isiyong'aa, halafu kabla haijakauka kung'uta vumbi kwa brashi laini. Nyuma uweke jingi kuliko mbele, kwa kuwa gari likikimbia hewa ya nyuma hulivuta vumbi na kulibandika kwenye ubao wa mwisho. Kwenye kioo cha mbele kata karatasi kwa umbo la njia ya waipa, ibandike kabla ya kupuliza, kisha ing'oe: utapata matao mawili safi. Pembeni mwa kioo weka stika ndogo ya usalama barabarani, ile ya Nenda kwa Usalama. Ni kitu kidogo sana, na ndicho kitakachomfanya mtu wa hapa atabasamu.

Mzigo utengeneze mwenyewe. Kitunguu cha sentimita 6 kwako ni milimita 6, na kitu cha ukubwa huo tunakipika kila wiki: mbaazi. Zipake rangi ya zambarau iliyochujuka, zipake na vanishi zisiingiwe na wadudu. Shona mifuko ya neti kutokana na kitambaa chepesi chenye matundu, katikati ujaze sponji, na mbaazi ziwe tabaka moja la nje. Gunia la kilo 100 kwa kipimo ni gramu 100. Ukijaza mbaazi tupu magunia yote, gari litalala ubavu kwenye kona ya kwanza. Turubai la kitambaa huonekana nene kupita kiasi, kwa hiyo tumia karatasi laini ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, uikunje ikiwa mbichi. Kamba iwe uzi wa milimita 1, uupitishe kwenye nta ili usiwe na manyoya.

Jambo moja nakuagiza kama mzazi. Betri ya lithiamu usiifanyie mchezo. Yako ina seli 2. Kila seli ikijaa kabisa ni volti 4.2, na isishuke chini ya 3. Weka kwenye kidhibiti mwendo ile kinga ya kukata umeme. Ukichaji, tumia chaja ya kusawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, na usiondoke chumbani mpaka imalize. Ukiona betri imevimba, usiitumie tena hata mara moja. Ukiiweka muda mrefu bila kuitumia, iache kwenye volti 3.8 hivi kwa seli. Mwoneshe mama yako sehemu hii ya barua.

Najua utasema ni kazi nyingi kwa gari lenye urefu wa nusu mita. Ni nyingi, na inastahili. Wapo watu wanaoamka usiku kuendesha magari haya kwenye njia ambazo basi halifiki, na mafundi wanaoyarudisha barabarani wakati mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa. Kazi yao haiandikwi popote isipokuwa kwenye bati. Ukichutama mbele ya pikapu iliyochoka, ukapima, ukauliza mlango huu ulibonyezwa na nini, unajifunza kuisoma kazi hiyo na kuiheshimu. Ustadi wa mikono utakuja wenyewe kwa kurudiarudia. Jicho lazima ulifundishe kwa makusudi, na hili ndilo ninalotaka likubaki hata siku utakapouweka mchezo huu pembeni ukafanya kazi nyingine.

Kwa hiyo anza hivi. Jumamosi nenda sokoni asubuhi, pikapu za mizigo zinapopakua. Muombe dereva ruhusa kwa heshima, mwambie unachotaka kufanya, wengi watafurahi. Piga picha pande zote nne, chini, na ndani ya kabini. Chora gari kwenye karatasi, na kila alama uiandikie sababu yake kwa maneno machache. Nitumie karatasi hiyo kabla ya kununua chochote. Tukikubaliana, rimu za inchi 1.55 nitakununulia mimi.

Msalimie sana mama yako. Bibi yako anakusalimu na anasema usome kwanza, gari baadaye. Mimi nasema yote mawili.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.